Krediti 360, siku 360: hesabu mbili za chuo cha bahari

Tangu tarehe 1 Januari 2026, kozi fupi ya usalama binafsi na wajibu wa kijamii, mojawapo ya zile nne ambazo baharia huzipitia kabla hajapangiwa kazi melini, imeongezewa kipengele cha kuzuia na kukabili uonevu na unyanyasaji, ukiwamo wa kingono. Ni badiliko dogo, lakini nyuma yake kuna kazi kubwa: Shirika la Bahari Duniani (IMO) linaupitia upya mkataba mzima wa STCW, ule unaoweka viwango vya mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia. Mapitio hayo yaliidhinishwa mwaka 2022 na hayatakwisha leo wala kesho. Huku pwani kwetu habari hizi huchukuliwa kwa namna moja: masomo yanaongezeka, basi mitaala iandikwe upya, krediti zipandishwe na, ikiwezekana, shahada nyingine zianzishwe. Wanaowaza hivyo wanatibu mguu usiouma. Kinachomkwamisha kijana wa Dar es Salaam au Mombasa asiwe ofisa wa meli si uchache wa masomo. Ni miezi 12 ya baharini, ambayo hakuna mhadhiri anayeweza kuifundisha na ambayo krediti hazikubuniwa kuipima.

Tuanze na hesabu yenyewe. Katika mfumo wa Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: mhadhara, karakana, kujisomea na mtihani, vyote ndani yake. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, yaani saa 1,200, na kiwango cha chini cha shahada ya kwanza ni krediti 360. Upande wa pili, kanuni ya II/1 ya STCW inamtaka mwombaji wa cheti cha umahiri cha ofisa wa zamu ya urambazaji, kwa meli za GT 500 na kuendelea (GT ni kipimo cha ukubwa wa meli), awe ametimiza miaka 18 na awe na muda wa baharini usiopungua miezi 12. Muda huo uwe sehemu ya programu ya mafunzo iliyoidhinishwa, na uwe umeandikwa katika kitabu cha kumbukumbu za mafunzo. Angalau miezi sita ndani yake iwe ya zamu darajani, yaani kwenye chumba cha kuongozea meli, chini ya nahodha au ofisa mwenye sifa. Mwezi, kwa tafsiri ya mkataba, ni mwezi wa kalenda, au siku 30 zilizounganishwa kutoka safari fupi fupi. Anayekusanya muda wake kwa vipande anahitaji siku 360.

Namba zimegongana kwa bahati tu, lakini kugongana huko kunafaa kukumbukwa, maana kila moja inadaiwa na dirisha lake. Krediti humpa mtu shahada. Siku humpa cheti cha umahiri, ambacho Tanzania Bara hutolewa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, Zanzibar kina mamlaka yake, na Kenya hutolewa na mamlaka ya bahari ya nchi hiyo, KMA. Chuo chenyewe huhitaji idhini mbili kwa programu moja: ya msimamizi wa elimu, anayeangalia krediti na sifa za wakufunzi, na ya mamlaka ya bahari, inayolinganisha kila moduli na jedwali la STCW. Kwa ofisa wa sitaha, yaani wa urambazaji, ni jedwali A-II/1, lenye majukumu matatu: urambazaji, upakiaji na utunzaji wa shehena, na udhibiti wa uendeshaji wa meli pamoja na kuwajali waliomo. Moduli inaweza kuwa na krediti 12 nzuri kabisa kwa msimamizi wa kwanza na isiwe na thamani yoyote kwa wa pili, kwa sababu haijagusa umahiri wowote uliotajwa kwenye jedwali. Nyingine ya krediti tano ikawa ndiyo inayombeba mwanafunzi.

Tazama pia uzito wa saa. Kadeti, yaani mwanafunzi wa uofisa aliye melini, anayeshika zamu ya saa nne na kupumzika nane hukaa darajani saa nane kwa siku. Kwa siku 180 hizo ni saa 1,440. Kwa kipimo cha chuo, zamu pekee ni sawa na krediti 144, zaidi ya mwaka mzima wa masomo, na hapo hatujahesabu kazi za sitaha, mazoezi ya moto na maboti, wala usiku wa kufunga meli gatini. Anayesema mafunzo ya melini ni nyongeza ya mwisho baada ya elimu yenyewe hajapiga hesabu hii.

Kosa kubwa zaidi linafanyika kwenye kitabu. Kanuni ileile ya II/1 ina mlango wa pili: asiyepitia programu iliyoidhinishwa anatakiwa awe na miezi 36. Maana yake miezi 12 ya baharini bila kitabu kilichoidhinishwa na kujazwa ipasavyo inageuka kuwa theluthi moja ya safari. Kijana anaweza kurudi kutoka Bahari ya Hindi na jasho lilelile, mikono iliyochubuka vilevile, kisha akaambiwa bado anadaiwa miezi 24. Vinavyosababisha haya ni vidogo na vinajulikana. Kazi zote za sura nzima zimesainiwa siku moja, tena siku ambayo meli ilikuwa bandarini. Barua ya muda wa baharini haina namba ya IMO ya meli, GT wala kilowati za injini. Tarehe za kupanda na kushuka kwenye barua hazifanani na mihuri ya kitabu cha baharia. Nahodha amebadilishwa katikati ya mkataba na aliyeondoka hakusaini kurasa zake. Au kadeti ameandikwa kwenye orodha ya wafanyakazi kama baharia wa kawaida, akakwangua kutu na kupaka rangi miezi tisa bila kuingia darajani, kwa hiyo ile miezi sita ya zamu haipo. Kitabu kinajazwa kila wiki, ofisa anayesimamia mafunzo anasaini kazi ikiwa bado mbichi, na nakala za kurasa zinatumwa chuoni kabla kadeti hajashuka. Kikilowa au kupotea na hakuna nakala, hakuna wa kumlilia.

Halafu kuna swali la meli gani inahesabika. STCW inazungumzia meli ya baharini, na inaziondoa zile zinazofanya kazi katika maji ya ndani pekee, au ndani ya maji yaliyokingwa, karibu kabisa nayo, au katika eneo la kanuni za bandari. Ziwa Victoria ni maji ya ndani. MV Mwanza, pamoja na uwezo wake wa abiria 1,200, na MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, pamoja na heshima yote ya umri wake, ni shule nzuri za kazi na ni mahali halali pa ajira, lakini siku zake si siku za kanuni ya II/1. Tagi inayovuta meli ndani ya bandari ina tatizo hilohilo. Chombo cha mwambao chenye GT 300 kinakwenda baharini kweli, ila siku zake huenda zisikubaliwe kwa cheti cha GT 500 na zaidi. Kwa vyombo hivyo kuna kanuni ya II/3, yenye cheti chenye mipaka yake. Kwa upande wa injini kipimo ni nguvu, kilowati 750 na kuendelea. Na yale mafunzo kwa vitendo ya wiki nane bandarini, ambayo wanafunzi wengi huyaita fildi, hayana hata siku moja ndani yake kwa mwanafunzi wa sitaha. Yana krediti. Siku hayana.

Wa injini wana nafuu ambayo haisemwi vya kutosha. Kanuni ya III/1 inakubali miezi 12 ya mchanganyiko wa karakana na bahari, mradi angalau miezi sita iwe ya zamu chumba cha injini chini ya usimamizi wa mwenye sifa. Kwa hiyo kukereza vyuma kwa lathe, uchomeleaji na kufungua pampu chuoni, vikiwa ndani ya programu iliyoidhinishwa, vinaingia kwenye hesabu moja kwa moja. Ofisa wa umeme na elektroniki, kada iliyoingizwa na marekebisho ya Manila ya 2010, yuko hivyohivyo: miezi 12 ya mchanganyiko, sita kati yake baharini. Nafasi moja ya kadeti ya mwaka mzima humtoa ofisa mmoja wa sitaha au maofisa wawili wa umeme. Chuo chenye nafasi chache melini kingeanza kupanga udahili kwa kuangalia tofauti hiyo. Ni kweli kwamba meli nyingi hubeba ofisa mmoja tu wa umeme huku daraja likihitaji kadhaa, kwa hiyo kada hii haiwezi kumeza darasa zima, lakini ni hesabu ambayo haina budi kupigwa.

Sasa hoja za upande mwingine, na nianze na iliyo nzito. Wapo wanaotetea shahada kwa kusema baharia haishi melini milele. Cheti cha afya cha baharia hudumu miaka miwili tu kwa mtu mzima, na siku macho, moyo au mgongo ukikataa, kazi ya baharini imekwisha. Cheti cha umahiri chenyewe lazima kihuishwe kila baada ya miaka mitano, na njia ya kawaida ni kuonyesha miezi 12 ya baharini ndani ya miaka hiyo mitano, au miezi mitatu ndani ya miezi sita ya mwisho. Mwenye shahada akishuka anaweza kuingia kwenye ukaguzi wa meli, bima, usimamizi wa bandari au ualimu. Hoja hii ni sahihi na siipingi. Ninachopinga ni matumizi yake. Shahada ya usimamizi wa meli na lojistiki haihitaji siku hata moja baharini na inafaa kabisa kwa mtu wa nchi kavu. Tatizo linaanza pale anayeisoma anapoamini, au anapoachwa aamini, kwamba iko foleni moja na ile ya urambazaji au uhandisi wa meli. Vyuo vya serikali za majimbo Marekani, kama SUNY Maritime pale New York, hutenganisha waziwazi wanaosomea leseni na wasiosomea. Anayeingia chuoni anajua tangu mwanzo yuko upande gani.

Kundi la pili linasema tuachane na shahada, tuwapeleke vijana kama mabaharia wa kawaida, wapande ngazi wenyewe. Nalo lina ukweli. Kwa kanuni ya II/4, baharia wa kushiriki zamu ya daraja anahitaji miezi sita ya mafunzo na uzoefu baharini, au mafunzo maalumu pamoja na miezi isiyopungua miwili melini. Anapata mshahara mapema, na familia isiyo na uwezo wa ada ya miaka mitatu inapumua. Lakini huyu akitaka kuwa ofisa anarudi kwenye ile miezi 36, na baada ya hapo bado anapaswa kukaa darasani atimize jedwali lote la A-II/1, kuanzia nyota na chati hadi uthabiti wa meli. Wengi hufikia hapo wakiwa na wake, watoto na mkataba mpya mezani, na darasa likasubiri. Ngazi hii ibaki wazi, tena ivihusishe vyuo vitoe kozi za jioni na za mapumziko ya mkataba, lakini haiwezi kuwa ndiyo njia pekee ya taifa kupata maofisa.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa zaidi kwenye hotuba: kwamba simuleta itachukua nafasi ya bahari. Nunua chumba chenye vioo na skrini kinachoigiza daraja la meli, weka wanafunzi kumi na wawili, tatizo limekwisha. Simuleta ina kazi yake na mkataba wenyewe unaitambua. Kozi ya mfano ya IMO ya chati za kielektroniki, namba 1.27, ni ya saa 40, na hakuna mwenye akili anayetaka mtu ajifunzie kukwepa mgongano kwenye meli halisi yenye mafuta. Lakini chuo hakiwezi kugeuza saa 40 za skrini kuwa miezi 12 ya kanuni ya II/1. Na hata tukiiweka kanuni pembeni, kazi yenyewe inakataa. Skrini haina winchi ya nanga yenye breki iliyochakaa, haimtoi mtu usingizini saa sita kasorobo usiku siku ya arobaini mfululizo, wala haimwonyeshi kontena lililolegea minyororo saa mbili kabla ya upepo wa kusi kuchachamaa. Kwenye chumba cha injini ni zaidi: kisafisha mafuta kikianza kutapika, mhandisi hukijua kwa sauti na harufu kabla kengele haijalia. Simuleta inanunuliwa ili siku za baharini zitumike vizuri zaidi. Anayeinunua ili azipunguze amenunua runinga kubwa.

Kuna wanaotaka tununue meli ya mafunzo. Afrika Kusini ilifanya jambo la akili: SA Agulhas ilipopata mrithi kwenye safari za Antaktika mwaka 2012, mamlaka ya bahari ya nchi hiyo iliichukua ikawa ya makadeti. Marekani imekwenda mbali, imeagiza meli tano mpya za mafunzo zenye nafasi ya makadeti 600 kila moja, kwa zaidi ya dola milioni 300 kwa meli. Sisi hatuko huko. Na meli ya mafunzo ni mdomo unaokula kila siku: mafuta, wafanyakazi wa kudumu, ukaguzi, kupandishwa chelezoni, bima. Ikilala gatini kwa kukosa bajeti, siku hazihesabiki kama siku za safari. Kwa nchi zetu nafuu zaidi ni kununua nafasi kwenye meli za wengine, yaani mkataba kati ya chuo na mwenye meli unaotaja idadi ya makadeti kwa mwaka, nani analipia tiketi na bima, na ofisa gani atasimamia kitabu. Mkataba wa kazi za baharini wa MLC unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anaweza kulipia cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasi, basi. Wakala anayemdai kadeti mamilioni ili ampatie nafasi anafanya biashara kwenye pengo ambalo chuo na serikali wameliacha.

Tukikubali hayo, mambo kadhaa hubadilika. Udahili wa programu za cheti cha umahiri unapaswa kufuata nafasi za melini zilizosainiwa, si idadi ya viti vya ukumbi. Chuo chenye nafasi 40 kwa mwaka kinachopokea wanafunzi 200 wa urambazaji kinatengeneza foleni ya miaka mitano kila mwaka. Uchunguzi wa afya, hasa wa kutambua rangi, ufanyike kabla ya kupokea ada. Asiyetofautisha taa nyekundu na ya kijani hatashika zamu darajani, na ni ukatili kumwambia hivyo mwaka wa tatu. Kitabu cha kumbukumbu kifunguliwe muhula wa kwanza, ili mwanafunzi akipanda meli asiwe anakiona kwa mara ya kwanza mbele ya nahodha asiye na muda. Wapo wanaopendekeza mwaka wa baharini upewe krediti 120 ili wasimamizi wa elimu wauone. Sina ugomvi na hilo, kwa sharti moja: krediti hizo zisiweze kupatikana kwa njia nyingine yoyote. Ukiruhusu zibadilishwe na fildi ya bandarini au tasnifu, ndani ya miaka mitatu kila mtu atakuwa na tasnifu.

Lile badiliko la Januari nalo lina maana pana kuliko saa za darasa. Mwaka 2021, chuo cha taifa cha Marekani cha Kings Point kilisitishiwa mwaka wake wa baharini baada ya mwanafunzi kueleza jinsi alivyobakwa melini wakati wa mafunzo. Kadeti yuko mbali, ni mdogo kuliko wote, na anayemsainia kitabu ndiye anayeweza kuwa anamsumbua. Kumfundisha neno unyanyasaji kwa nusu siku hakutoshi ikiwa chuo hakina namba ya simu inayopokelewa usiku, mtu mwenye jina anayeshughulikia taarifa hizo, na kifungu kwenye mkataba na mwenye meli kinachomruhusu kadeti kushushwa bandari inayofuata bila kupoteza siku alizokwisha kupata. Kwa wasichana wanaoingia programu hizi, kifungu hicho kina uzito kuliko moduli yoyote.

Kwa hiyo mzazi aliyesimama dirishani na fomu mkononi aache kuuliza kozi ina krediti ngapi. Jibu analo tayari kwenye kipeperushi. Aulize waliomaliza mwaka juzi ni wangapi wana cheti cha umahiri leo, kisha aombe kuonyeshwa mkataba na mwenye meli: jina la kampuni, aina ya meli, GT yake, na mstari unaosema ni nani atakayesaini kitabu.